Mzee wa Kanisa Anapogombea Ubunge: Kisa cha Baraza Moja la Kipresbiteri

Kisa hiki kilitokea Kenya, katika parokia moja ya Kipresbiteri, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2022. Nimeondoa majina, kaunti, viwango vya fedha na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu. Nilikifahamu nikiwa miongoni mwa watu walioteuliwa na presbiteri, yaani baraza la kanisa lililo juu ya parokia, kusikiliza rufaa, na wahusika wakuu wamekubali kisimuliwe kwa namna hii. Nakiandika kwa ajili ya wazee wa kanisa, wachungaji vijana na yeyote anayetaka kuona mafundisho ya Calvin, mwanamageuzi wa kanisa wa karne ya 16, kuhusu serikali yanavyofanya kazi pale yanapokutana na mtu halisi, mwenye fedha halisi, aliyeketi benchi moja na wewe.

Usuli

Parokia ina makanisa matatu chini ya mchungaji mmoja. Mambo yake huamuliwa na baraza la wazee, yaani waumini waliochaguliwa na wenzao, kila mmoja akiwa na mtaa wake wa kuutunza. Mchungaji huongoza kikao lakini hawezi kuamua peke yake. Juu ya baraza kuna presbiteri, na juu ya presbiteri kuna Mkutano Mkuu.

Wamisionari wa Scotland waliofika Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka 1898 ndio walioleta muundo huu, na kwao ulikuwa umetoka Geneva, mji ulioko Uswisi ya leo. Huko, mwaka 1541, Calvin alipata kupitishiwa kanuni zilizotaja huduma nne za kanisa: wachungaji, walimu, wazee na mashemasi. Nyuma ya kanuni hizo kulikuwa na imani moja kuhusu binadamu: dhambi imemgusa kila mtu, mtawala akiwamo, kwa hiyo hakuna anayefaa kuachiwa madaraka bila wa kumzuia. Katika sura ya mwisho ya kitabu chake kikuu, inayohusu serikali, Calvin anasema kwamba kwa sababu ya udhaifu wa wanadamu ni salama zaidi watu kadhaa watawale pamoja, wasaidiane na waonyane. Hapo alikuwa akizungumzia dola, lakini msomaji yeyote aliyewahi kuketi katika baraza la wazee atalitambua wazo hilo mara moja.

Sura hiyo hiyo ina jambo la pili ambalo watu wa makanisa yetu hulisahau. Calvin haoni siasa kuwa uchafu. Kwake kazi ya mtawala ni wito kutoka kwa Mungu, tena wito mtakatifu na wenye heshima kuliko kazi zote za maisha haya. Msomaji ashike mambo haya mawili pamoja, kwa kuwa kisa kizima kimejengwa juu ya mvutano wake.

Mhusika mkuu, nitakayemwita mgombea, alikuwa mkandarasi na mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na wakati huo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Jengo jipya la kanisa kubwa lilikuwa limekwama kwenye linta. Ni haki kusema pia kwamba alikuwa amelipia watoto kadhaa karo ya sekondari bila kutangaza, na kwamba hata waliompinga baadaye hawakuwahi kumwita mtu mbaya.

Mfululizo wa matukio

Mwishoni mwa mwaka 2021 mgombea alitangaza kwamba angetafuta tiketi ya chama kugombea ubunge. Baraza lilimpongeza na kumwombea. Hakuna aliyeuliza iwapo angeendelea na kazi zake kanisani. Wakati huo suala lenyewe lilikuwa linajadiliwa nchi nzima: Septemba 2021, katika ibada kule Butere, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit alikuwa amewakatalia wanasiasa nafasi ya kuhutubia, na viongozi wa makanisa mengine wakafuata. Wazee wa parokia hii walilisikia hilo redioni, wakaridhika kuwa linawahusu wanasiasa wanaotoka nje.

Februari 2022 kulifanyika harambee ya ujenzi siku ya Jumapili. Mgombea alifika na wenzake wawili waliokuwa wakitafuta viti vingine. Baada ya matangazo alipewa kipaza sauti kama mwenyekiti wa kamati, jambo lililokuwa la kawaida kabisa. Alitoa taarifa ya ujenzi, akawakaribisha wageni wake, wageni wakasalimu watu, kisha bahasha zikafunguliwa na kiasi cha kila mmoja kikasomwa kwa sauti. Kiasi cha mgombea kilizidi matoleo ya parokia nzima kwa miezi kadhaa. Mmoja wa wageni, akishangiliwa, akasema kwamba kuna watu wengine wanaotafuta kiti hicho hicho ambao hawajawahi kuchangia hata mfuko wa saruji.

Aliyelengwa kwa maneno hayo alikuwa mshiriki wa mojawapo ya yale makanisa mawili mengine ya parokia. Mama yake mzazi alikuwa ameketi safu ya tatu.

Jumapili iliyofuata familia kadhaa hazikuonekana. Mzee wa mtaa wao, mama mmoja mtulivu ambaye hazungumzi sana vikaoni, alizitembelea nyumba moja baada ya nyingine, akarudi na ujumbe mmoja: hawatakuja kwenye Meza ya Bwana wakati wa Pasaka ikiwa atakayewapitishia mkate na kikombe ni yule aliyewaacha watukanwe. Mama huyo ndiye aliyeandika barua iliyolazimu baraza kukutana, na hata hivyo wiki tano zilipita kabla ya kikao.

Mjadala na hoja zake

Kikao kilidumu tangu alasiri hadi usiku. Mapendekezo yalikuwa matatu.

Kundi la kwanza lilitaka jambo liachwe. Huyu ni mwana wetu, walisema, na akishinda kanisa litakuwa na mtu bungeni. Kundi la pili, lililokuwa dogo lakini kali, lilitaka mgombea azuiwe kushiriki Meza ya Bwana hadi atubu hadharani. Kundi la tatu lilitaka kanuni isiyomtaja mtu: mzee yeyote anayetafuta cheo cha kuchaguliwa aache kazi zake zote za baraza kuanzia siku anapotangaza nia hadi matokeo yatoke, na hakuna mgombea wa kiti chochote, awe mshiriki au mgeni, atakayepewa kipaza sauti katika ibada.

Mgombea alijitetea vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Alikuwa amesoma. Alisema Calvin mwenyewe aliita utawala wito mtakatifu, kwa hiyo kumwondoa kazini kwa sababu anautafuta wito huo ni kuuadhibu wito. Kisha akatoa hoja iliyowanyamazisha wengi: wazee kumi na wawili wa Geneva walichaguliwa kutoka ndani ya mabaraza ya mji. Wawili walitoka Baraza Dogo, wanne Baraza la Sitini, sita Baraza la Mia Mbili. Wazee wa kwanza wa Calvin, alisema, walikuwa wanasiasa.

Ni kweli, na mchungaji hakujaribu kukana. Alichofanya ni kusimulia sehemu iliyobaki, kwa kuwa mpango huo wa mwaka 1541 ndio uliomletea Calvin taabu ya miaka kumi na minne. Philibert Berthelier, mtu wa ukoo mashuhuri, alikuwa amezuiwa na baraza la kanisa kushiriki Meza ya Bwana. Mwaka 1553 akaenda kwa Baraza Dogo la mji, nalo likamruhusu kushiriki kana kwamba meza ilikuwa mali ya serikali. Septemba mwaka huo Calvin alipanda mimbari na kusema kwamba angekufa kuliko kumpa mkate mtu aliyezuiwa. Hakuwa na jeshi, hakuwa hata raia wa mji huo. Uraia aliupata mwaka 1559. Berthelier hakujitokeza siku ile. Ugomvi uliendelea hadi 1555, ndipo haki ya kanisa juu ya meza yake ikathibitika. Na mwanzoni mwa miaka ya 1560 mji ulikubali jambo lililoonekana dogo: kiongozi wa serikali anayeketi katika baraza la kanisa aingie bila ile fimbo yake ya madaraka, ili ifahamike kwamba hapo ndani ni muumini kama wengine.

Mchungaji akamgeukia mgombea. "Mzee, hatukukatazi kuishika fimbo. Tunakuomba usiingie nayo humu."

Nimesoma kumbukumbu za kikao na kuwasikiliza waliokuwapo, na nina hakika kwamba hapo ndipo kura zilipogeuka. Hoja iliyoshinda ilitambua heshima ya siasa na mipaka yake kwa wakati mmoja. Kama mchungaji angesema siasa ni uchafu, mgombea angemshinda kwa Calvin mwenyewe.

Uamuzi

Pendekezo la kumzuia mgombea asishiriki Meza ya Bwana lilikataliwa kwa kura nyingi. Sababu iliyoandikwa ni kwamba hakuwa ametenda kosa ambalo baraza lilikuwa limelikataza hapo kabla, na kwamba nidhamu ya kanisa ikitumiwa msimu wa kampeni itasomwa na mji mzima kama kura dhidi yake.

Pendekezo la tatu lilipita. Mgombea alitakiwa kukabidhi uenyekiti wa ujenzi na kupumzika kuhudumu mezani. Baraza pia liliamua kuzitembelea familia zilizoumizwa na kuwaomba radhi kwa jina la baraza zima, na mgombea akubali kwenda pamoja nao ikiwa angependa.

Kuhusu fedha, uamuzi ulichukua dakika chache. Zilikuwa zimekwisha kuagizwa nondo na mabati, mafundi walikuwa kazini, kwa hiyo iliamuliwa zibaki, ziandikwe daftarini kama toleo la kawaida, na michango isitangazwe tena kwa majina hadi uchaguzi upite.

Mgombea alikata rufaa kwa presbiteri, kama ilivyo haki yake. Tuliisikiliza rufaa Mei. Tuliidumisha kanuni, tukaliagiza baraza liitumie pia kwa mzee mwingine aliyekuwa akitafuta uwakilishi wa wadi na ambaye kila mtu alikuwa amemsahau.

Matokeo

Mgombea alitii. Alikwenda na wazee wengine watatu kumwona yule mama wa safu ya tatu, na kwa maelezo ya waliokuwapo, walikaa nyumbani kwake kwa muda mrefu. Familia nyingi zilirudi. Mbili zilihamia kanisa jingine na hazijarudi hadi leo.

Agosti alishinda kiti. Alipoomba kurudi kwenye kamati ya ujenzi, baraza lilijibu kwamba uzee wake uko palepale, anakaribishwa vikaoni na mtaani kwake, ila hatashika kamati yenye fedha wakati ni mbunge. Aliudhika, lakini hakukata rufaa ya pili. Jengo lilimalizika.

Juni 2024 vijana walijaza barabara za miji ya Kenya kupinga Muswada wa Fedha, na makanisa yaliyokuwa yakipokea mabunda ya wanasiasa yakawa miongoni mwa waliolaumiwa wazi. Katika parokia hii vijana waliandika barua kwa baraza. Waliuliza mambo mawili. Kwanza, ni kiasi gani cha jengo wanamoabudu kililipwa na mtu ambaye sasa anapiga kura bungeni? Pili, kwa nini tangu 2022 hawajasikia mahubiri hata moja kuhusu kodi, ardhi au wizi wa mali ya umma?

Uchambuzi

Lililofanya kazi zaidi ya yote ni baraza lenyewe kama chombo. Mtu aliyekuwa na nguvu kuliko wote parokiani aliambiwa hapana na watu ambao wengine wao aliwahi kuwapa kazi, na hakuna hata mmoja aliyelazimika kulibeba neno hilo peke yake. Nimewahi kuona makanisa ambamo mchungaji mmoja hukabiliana na mheshimiwa uso kwa uso, na karibu kila mara mchungaji huinama au huhamishwa. Kura zenye uzito sawa, kumbukumbu zilizoandikwa na njia ya rufaa vilifanya kile ambacho ujasiri wa mtu mmoja haungeweza. Hapa ndipo mafundisho ya Calvin yameacha alama ya kudumu katika maisha ya umma, tangu Scotland hadi Uholanzi na Marekani: watu wa kawaida walijifunza ndani ya mabaraza ya kanisa jinsi ya kuchagua, kujadili, kuandika na kumzuia mkubwa, kisha wakatoka nje na ujuzi huo.

Kanuni isiyo na jina la mtu ilisaidia pia, ingawa ilikuja kwa kuchelewa. Ingepitishwa Novemba 2021 isingemhusu yeyote binafsi. Ilipopitishwa Machi ilikuwa na sura ya mtu hata kama haikumtaja. Wiki tano za kusubiri kikao ndizo zilizozipoteza zile familia mbili. Wenyewe wamesema hivyo.

Nasifu pia kukataliwa kwa adhabu ya kumzuia mezani, na hapa sikubaliani na wenzangu kadhaa wanaoona baraza lilikuwa laini. Geneva inatufundisha pande zote mbili. Ule mwaka ambao Calvin aliikatalia serikali meza ya Bwana ndio mwaka ambao Michael Servetus alichomwa moto mjini humo, Oktoba 1553, kwa hukumu ya serikali hiyo hiyo juu ya mafundisho yake, na Calvin akiwa mshitaki wake wa nyuma ya pazia. Kanisa lililokuwa likidai uhuru wake lilikubali upanga utumike kwa faida yake. Mabaraza yetu hayana upanga, lakini msimu wa uchaguzi nidhamu ya kanisa inaweza kukata vilevile, na anayeishika lazima aogope.

Sasa makosa, ambayo ni mawili na yana uzito usiolingana.

La kwanza ni fedha. Baraza lilitumia saa nyingi kujadili kipaza sauti na dakika chache kujadili bahasha, wakati bahasha ndiyo iliyonunua kipaza sauti. Mkono mtupu haulambwi, na wazee walijua hivyo walipoamua kuzibakiza fedha na kuficha jina. Kuandika toleo kubwa la mgombea kama toleo la kawaida kulilifanya lionekane safi bila kulisafisha. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliagiza mchango wa Rais kwa kanisa moja la Soweto, mtaani Kayole, urudishwe. Wengine waliona ni maonyesho tu. Mimi naona kwamba mtu anayerudisha fedha amebaki na uwezo wa kusema, na baraza letu lilikuwa limeupoteza uwezo huo kabla ya nondo kufika.

La pili ni kubwa zaidi, na ndilo vijana walilolishika. Baada ya kuwaondoa wanasiasa kwenye kipaza sauti, kanisa lenyewe lilinyamaza. Mzee mmoja alinieleza kwamba hayo ndiyo mafundisho: Ungamo la Westminster la mwaka 1646, tamko la imani la Wapresbiteri, linasema sinodi, yaani vikao vikuu vya kanisa, zisijiingize katika mambo ya serikali. Alisahau nusu ya sentensi. Ungamo linaacha mlango wazi kwa ombi la unyenyekevu katika mambo yasiyo ya kawaida, na kwa ushauri pale watawala wanapouomba. Isitoshe, katazo hilo linahusu vikao vya kanisa. Nabii Nathani, aliyemkemea mfalme Daudi, hakuwa sinodi, na wala mchungaji anayehubiri Amosi hajaingia kwenye kampeni.

Mapokeo haya yana historia chungu ya ukimya wa namna hiyo, na mengine mabaya kuliko ukimya. Afrika Kusini, sinodi ya Kanisa la Kiholanzi la Reformed, yaani la mapokeo ya Calvin, mwaka 1857 iliruhusu waumini weupe na weusi waabudu kwa kutengana, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu. Kilichoanza kama ruhusa kikawa desturi, kisha makanisa tofauti, na hatimaye wanateolojia wakaandika kuitetea sera ya ubaguzi kwa maneno ya Calvin. Waliolibomoa jengo hilo walitoka ndani ya mapokeo hayo hayo. Mchungaji Beyers Naudé aliacha nafasi yake katika kanisa hilo mwaka 1963. Ottawa, mwaka 1982, Muungano wa Dunia wa Makanisa ya Reformed ulitangaza kwamba kuhalalisha ubaguzi wa rangi kwa teolojia ni uzushi, na mwaka huo huo kanisa la waumini machotara lililotokana na ule utengano likaandika Ungamo la Belhar, likalipitisha rasmi mwaka 1986. Kwetu Kenya, siku ya kwanza ya mwaka 1990, mchungaji wa Kipresbiteri Timothy Njoya alihubiri Nairobi akiitazama mifumo ya chama kimoja iliyokuwa ikianguka Ulaya Mashariki, akauliza kuhusu yetu. Hakuna mwanasiasa aliyepewa kipaza sauti siku hiyo, na bado ilikuwa miongoni mwa ibada zenye uzito wa kisiasa kuliko nyingi zilizowahi kufanyika nchini.

Kwa hiyo parokia ilipaswa kufanya vitu viwili kwa pamoja, ikafanya kimoja. Ilimzuia mkubwa asilitumie kanisa, jambo ambalo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, yaani kumwambia mkubwa huyo huyo neno la Mungu kuhusu kura yake, kodi anazopitisha na mashamba anayoyajua, ilihitaji baraza lisilo na deni kwake.

Mahali jambo lilipofikia

Barua ya vijana ilisomwa na kujibiwa. Baraza lilikubali kuweka wazi hesabu za ujenzi za mwaka 2022, na zilibandikwa ubaoni. Mchungaji mpya, aliyekuja baada ya yule wa kwanza kuhamishwa katika uhamisho wa kawaida, alihubiri Amosi kwa Jumapili nne mfululizo. Mbunge alihudhuria mbili kati ya hizo.

Hoja ya fedha bado haijapita. Vijana na baadhi ya wazee wanataka parokia isipokee mchango wowote wa hadharani kutoka kwa mtu mwenye cheo cha kuchaguliwa au anayekitafuta, zaidi ya sadaka yake ya kawaida kama mshiriki. Wazee wengine wanauliza mpaka kati ya sadaka na mchango utapimwa vipi kwa mtu ambaye sadaka yake ni kubwa kwa asili. Swali hilo ni la haki, na kamati ya watu watano, wawili kati yao wakiwa vijana, imepewa kazi ya kuandika jibu kabla ya vyama kuanza mchujo wa uchaguzi wa 2027.